Sahani za Difu na Rangi ya Kucha

Yuko pale pale tulipomwacha, wanangu. Amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, mikono miwili kaizamisha ndani ya sanduku, na sanduku halina kitu.

Halina kitu kabisa! Makaratasi tu yenye maandishi ya Kijapani, na kipande cha boksi.

"Amiri," akasema Mwinyijuma, sauti imemkauka. "Sahani ziko wapi?"

Fundi Amiri akainama, akachungulia, akalitikisa sanduku kama mtu anayetikisa dafu asikie maji.

"Unaniuliza mimi? Sanduku limelala kwako."

"Limelala kwangu limefungwa!"

"Basi limeamka limefunguliwa."

Mwinyijuma akajishika kichwa. Na ana haki ya kujishika. Kama wewe umeingia leo kwenye kisa hiki, kaa hapa nikwambie upesi, maana kesho ni Ijumaa na kijana wa watu hana muda.

Mwinyijuma ni fundi friji wa Majani Mapana, hapa Bagamoyo. Anampenda Wahida wa Kaole, na Wahida anampenda yeye. Hapo hapana tatizo. Tatizo ni mchanga. Nyumba ya Mzee Abdulswamad, baba yake Wahida, imekaa juu ya mwinuko wa mchanga mtupu, na mzee huyo ujana wake wote ameumalizia kwenye usukani wa malori. Siku ya kwanza walipoonana, Mwinyijuma akajigamba mbele yake: "Gari langu hili, Mzee, halijui njia mbaya."

Gari lenyewe la spoti. Jekundu, milango miwili, limelala chini hata kuku hapiti uvunguni, na nyuma limeandikwa SINA HARAKA. Mara ya kwanza likanasa kwenye mchanga, likasukumwa na wanawake waliotoka kuteka maji. Mara ya pili likanasa tena, likasukumwa na wanawake wale wale, safari hii wakiimba.

Mzee Abdulswamad akasema neno lake la mwisho. "Ijumaa baada ya swala, njoo na posa yako. Ukifika kwa gari lako bila kusukumwa, nitawasikiliza. Mkono wa mtu ukigusa bati, hata kidole, geuza urudi na tambuu yako ukaitafune mwenyewe."

Sasa mmeelewa kwa nini anahema.

"Nilikwambia tangu mwanzo," Amiri akasema, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Injini yako nzima. Ugonjwa ni difu, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma. Difu ya kawaida ina huruma ya kijinga. Tairi moja likiteleza, nguvu zote linapewa hilo hilo linaloteleza, na lile lililokanyaga pazuri linabaki linatazama. Nikakwambia tuichomelee, matairi mawili yawe kitu kimoja, yaishe. Hukutaka."

"Si wewe uliyesema ikichomelewa gari haligeuki?"

"Linageuka. Linalalamika tu. Kwenye kona tairi la nje linataka kukimbia, la ndani linataka kutembea. Ukiyafunga pamoja yanagombana mpaka unafika."

"Na ile difu ya meno matupu, isiyo na sahani?"

"Ile muungwana sana. Mpe lami, mpe kona nzuri, hutamsikia. Lakini mpe mchanga wa Kaole, tairi moja likose kabisa pa kushika, anakuaga anakwenda zake."

"Ndiyo nikachagua ya sahani!"

"Ukachagua ya sahani. Na ulichagua vizuri," Amiri akakubali kwa huzuni, kama anayemsifu marehemu. "Sahani nyembamba za chuma, zimebanana ndani ya kikombe. Hii inashika ekseli, inayofuata inashika kikombe, zikisuguana, kila tairi linapata haki yake. Ukilegeza mno, umefanya kazi bure. Ukikaza mno, ni sawa na kuchomelea. Kitu chochote kikizidi humo, hata unene wa ukucha, mambo yameharibika. Ndiyo maana sahani hizi hazishikishwi watu hovyo."

Hapo Mwinyijuma akanusa. Akainamisha pua ndani ya sanduku, akanusa tena.

Rangi ya kucha.

"Shangazi!" akapiga ukelele, akatoka mbio.

Shangazi Tabia ndiye aliyemlea, na Majani Mapana nzima inamjua kwa jambo moja: vyombo vya shughuli. Pakiwa na arusi, hitima, maulidi, vyombo vinatoka kwake. Na kwake hakitoki chombo bila alama. Kila sahani, kila bakuli, hata kifuniko cha birika, chini kimepakwa herufi T kwa rangi ya kucha nyekundu, ili kikienda kwa watu kijue njia ya kurudi.

Na Mwinyijuma, akili zake zikiwa Kaole, juzi alimpigia simu akamwambia maneno haya: "Shangazi, sahani zangu za Dar zimefika, ziko chumbani, naomba unitunzie kama zako."

Kama zako! Ulimi huo, jamani.

Alimkuta jikoni kwake nje, ameketi kwenye kigoda.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo, umefukuzwa?"

"Shangazi, sahani."

"Sahani zipi? Za maua, za udongo, au zile zako zilizotobolewa katikati?"

"Hizo! Zilizotobolewa!"

Shangazi Tabia akaweka mwiko chini. Akamtazama kwa huruma.

"Sikutaka kukwambia leo, kwa sababu kesho ni siku yako. Lakini umepunjwa, mwanangu. Sahani gani zile? Mchuzi utakaa wapi?"

"Shangazi..."

"Na ukoko! Nusu yake nyeusi tii! Walikuuzia zilizotumika hao. Nimezisugua kwa stili waya mpaka mkono umekufa ganzi, na ukoko umegoma."

Amiri, aliyekuwa amefika nyuma akihema naye, akakaa chini kwenye vumbi.

"Bi Tabia," akasema polepole, "ule si ukoko. Ule ndio unaoshika. Tumenunua ule."

"Mmenunua ukoko?"

"Ziko wapi, Shangazi?"

Zilikuwa kwenye uchanja wa vyombo, zimeegemezwa kwa mstari, zinang'aa juani, na kila moja ina T nyekundu. Amiri akazihesabu kwa kidole. Akazihesabu tena. Akanyanyua uso.

"Moja haipo."

"Hiyo kaazima Bi Mina hapo jirani," Shangazi akajibu bila wasiwasi. "Lakini ina alama, itarudi."

Mwinyijuma aliruka ua. Hakupita mlangoni, aliruka. Akamkuta Bi Mina amekalisha birika la chai juu ya sahani ya difu, na chai yenyewe inachemka.

"Ah, Mwinyijuma! Kifaa hiki kizuri sana, hakiunguzi meza. Wauzaje?"

"Siuzi, Bi Mina! Nakioa!" Akalinyanyua birika kwa mkono mtupu, akaungua, akachukua sahani, akaungua tena, akaruka ua kurudi.

Haya. Zimetimia. Amiri akatandika mkeka uani, akatia petroli kwenye kitambaa, akafuta T moja baada ya nyingine mpaka chuma kikarudi chuma. Kisha akaanza kuzipanga ndani ya kikombe, hii ya kushika ekseli, hii ya kushika kikombe, midomo inamcheza kama anasoma uradi. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Aliipachika ya mwisho, na hapo hapo ikaadhiniwa Alasiri.

"Kifuniko tukirudi," akasema. Akakifunika kikombe kwa kawa la chakula ili vumbi lisiingie. "Bi Tabia, tafadhali. Hapa pasiguswe."

"Niguse nini? Mimi na mafuta ya gari tunajuana?"

Waliporudi msikitini kawa liko vile vile. Amiri akalifunua, akatazama, akanusa.

"Harufu ya rangi bado ipo."

"Imetuingia puani," Mwinyijuma akasema. "Twende, kaza."

Amiri akaweka kifuniko, akaanza kukaza boliti. Spana ikaguna.

"Mbona kinakaidi?"

"Kipya ndivyo kilivyo."

"Hata kipya kina adabu." Lakini akakaza. Muda hapana, jua linashuka, gari limeinuliwa kule gereji linangoja. Mnadhani angefanya nini?

Asubuhi ya Ijumaa wakalipeleka gari kwenye mchanga ulionyooka nyuma ya gereji. Mwinyijuma akakanyaga mafuta. Wanangu, lile gari lilichomoka! Matairi yote mawili ya nyuma yalichimba kwa pamoja, mchanga ukaruka juu, Amiri akachezeshwa kwa furaha na miguu yake mwenyewe. Wakakumbatiana. Wakaliosha. Likapakwa nta.

Hakuna aliyekumbuka kulijaribu kwenye kona.

Baada ya swala wakapanda. Usukani ameshika Mwinyijuma, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma. Kando yake Ami Shuaibu, mdogo wake marehemu baba, ndiye mshenga. Ami Shuaibu anasema maneno matamu kuliko mtu yeyote Bagamoyo, ila macho yake hayaoni mbali, na miwani ameiacha nyumbani kwa sababu, kwa maneno yake, leo hakuna cha kusoma. Nyuma, kwenye kiti ambacho hata paka angekunja miguu, Shangazi Tabia amejibana na sinia la tambuu mapajani, limefunikwa kitambaa cheupe.

Wakafika kona ya kwanza. Mwinyijuma akakata usukani.

Kwe! Kwe! Kwe! Gari likaruka nyuma kama mbuzi aliyefungwa miguu. Kitambaa kikapeperuka. Kofia ya Ami ikamshuka puani.

"Limekanyaga nini?" akauliza Ami.

"Lami, Ami. Lami tupu."

Kona ya pili ikawa mbaya zaidi. Vijana wa bodaboda waliokaa kivulini wakasimama juu ya pikipiki zao.

"Oya braza! Hiyo ndinga umeifunga springi za kitanda?"

"Iulizeni jina! Haina haraka lakini ina mapepo!"

Mwinyijuma akapunguza mwendo, akampa Ami simu aishike. "Amiri! Gari linaruka kwenye kona!"

"Linaruka vipi?" sauti ya Amiri ikatoka.

"Kama mbuzi! Na usukani mzito. Nikikata kulia linataka kwenda moja kwa moja Unguja."

"Hiyo imekaza kupita kiasi. Lakini mimi nilizipanga sawa. Labda kuna kitu kimeongezeka katikati ya sahani."

Kwenye kiti cha nyuma, Shangazi Tabia akakohoa.

Mwinyijuma akamtazama kwenye kioo. "Shangazi?"

"Tazama mbele, mwanangu, kuna watoto njiani."

"Shangazi!"

"Sasa mlitaka nifanyeje?" akafoka. "Mmezifuta alama zangu mbele ya macho yangu, wala hamkuniomba radhi! Sahani zinakwenda ugenini, kwa watu tusiowajua, hazina alama! Mlipokwenda kuswali nikazitoa moja moja, nikazipaka, nikazirudisha vile vile nilivyozikuta, hii nyeusi, hii nyeupe, hii nyeusi. Mimi si mjinga. Na safari hii nimepaka mara tatu, pande zote mbili, isifutike tena."

Kwenye simu ukasikika mlio wa mtu aliyekalia debe bila kutazama.

"Mara tatu," Amiri akasema, sauti ya mfiwa. "Pande mbili. Bi Tabia, umeichomelea difu kwa rangi ya kucha."

"Ni rangi nzuri ile. Haikwanguki."

"Turudi?" akauliza Ami Shuaibu.

Turudi! Na Mzee Abdulswamad anangoja leo, wala hakusema kesho. Mwinyijuma alimwona Wahida akilini mwake, amesimama dirishani, anatazama barabara isiyo na gari.

"Amiri, niambie kweli. Mchanga litapanda?"

"Kupanda litapanda kama jini. Hakuna mchanga utakaolishika leo. Kugeuka ndiko sijui. Huko juu kuna kona?"

"Kuna lango. Mkono wa kushoto."

"Kali?"

"Kali."

Amiri akavuta pumzi. "Soma dua. Na ukishaanza kupanda usiondoe mguu. Ukisimama mchangani umezama, na ukizama watakusukuma."

Ule mwinuko wa Kaole ulikuwa umejaa watu kama kuna mpira. Wanawake wa kisimani walikuwa wamekwisha kaza kanga zao viunoni, wameshajipanga kusukuma, na wimbo wameuchagua. Juu kabisa, mbele ya lango lake, Mzee Abdulswamad amesimama na bakora. Nyuma yake, dirishani, gauni la kijani. Wahida.

Mwinyijuma akasema bismillahi, akakanyaga.

Gari likanguruma. Mchanga uliomshinda mara mbili ukapasuka mbele yake. Halikuyumba! Halikuteleza! Wanawake wa kisimani wakaruka pembeni huku na huku, wimbo ukawafia mdomoni, kisha wakapiga vigelegele bila kutaka. Sehemu aliyonasa mara ya kwanza akaipita. Aliyonasa mara ya pili akaipita. Mzee Abdulswamad akashusha bakora, na jamani, alikuwa anatabasamu.

Likabaki lango.

Mwinyijuma akazungusha usukani kushoto. Akauzungusha wote mpaka ukagota. Matairi ya mbele yakageuka kushoto kwa adabu zote, yakatazama lango.

Gari likaendelea mbele.

"Kata!" akapiga kelele Shangazi.

"Nimekata!"

"Basi simama!"

Asimame? Mguu wake ulikuwa juu ya breki. Akisimama atazama, akizama atasukumwa, akisukumwa Wahida si wake tena. Asiposimama, atakwenda gari linakotaka. Lango la Mzee Abdulswamad lilikuwa linampita polepole upande wa kushoto, na Mzee mwenyewe anampita dirishani, mdomo wazi.

"Shikamoo, Mzee!" akasema Mwinyijuma kwa heshima, akipita.

"Marahaba!" akajibu Mzee, kwa mazoea.

Na mguu wa Mwinyijuma ukatoka kwenye breki, ukakanyaga mafuta.

Ua wa makuti mbele yake haukujibizana na gari. Likaingia nao. Likapita chini ya kamba ya nguo, likavaa kanga mbili na shuka kwenye kioo cha mbele, likapanda kijiti cha mpapai, likaliegemea simtanki la maji upande wa dereva. Injini ikasema puh, ikazimika.

"Tumefika?" akauliza Ami Shuaibu.

"Ami, ngoja kwanza..."

"Hatukusukumwa?"

"Hatukusukumwa, lakini..."

"Alhamdulillahi!" Ami akafungua mlango, akamnyang'anya Shangazi sinia, akashuka, akaubamiza mlango kwa nyuma, ukakwama. Kiti cha mbele kikarudi kwa kishindo na kumfungia Shangazi Tabia kule nyuma kama sardini. Mwinyijuma akasukuma mlango wake, ukagonga simtanki. Akasukuma tena. Ukaimba tu: dung! Mbele haoni kitu, kioo kimevaa kanga.

Ila alisikia. Alisikia kila neno.

Ule ulikuwa ua wa Bi Sihaba, jirani, mjane mwenye miaka yake mingi na meno yake yote. Alikuwa mkekani anasuka ukili. Gari limeingia kwake, mpapai umelala, nguo zimekwenda, na yeye hakuangusha hata uzi mmoja wa ukindu.

"Asalaam aleikum," akasema Ami Shuaibu, akielekeza uso kwenye kivuli alichokiona.

"Waaleikum salaam. Karibuni. Mmepiga hodi kwa nguvu."

"Tusamehe, Bibi. Mwenye shida hapimi sauti. Sisi tumepita njiani, tukasikia humu ndani mna kitu kizuri kimetulia. Kijana wetu tangu akione halali, hali, maji hayamshuki."

Mnajua desturi zetu. Mshenga wa watu wazima hataji jina. Kutaja jina ni utovu wa adabu.

"Kijana mwenyewe yuko wapi?" akauliza Bi Sihaba.

"Yumo garini. Ana haya."

"Ami!" ikatoka sauti garini. "Ami, si hapa!"

"Mwamsikia? Hawezi hata kungoja nimalize."

"Na huyo mnayemtaka, mmemwangalia vizuri?" Bi Sihaba akaweka ukili pembeni. "Umri wake mwaujua? Isije ikawa mmekosea."

"Bibi," akasema Ami Shuaibu, ule utamu wake wote sasa umepanda, "sisi hatukufuata umri. Tumefuata utulivu."

Bi Sihaba akatazama chini. Akanyoosha mkono, akafunua kitambaa, akachagua tambuu iliyokunjwa vizuri kuliko zote. Na kwa watu wa huku tambuu ya posa haina maelezo. Ukiirudisha umekataa. Ukiitafuna, limekwisha.

Mwinyijuma alitoka kwa dirisha la upande wa pili, kichwa kwanza, kanzu imemfunika uso, akaangukia kwenye beseni la nguo zilizorowekwa. Akaibuka na povu.

"Bi Sihaba! Usitafune!"

Shavu la Bi Sihaba lilikuwa limekwisha vimba.

"Umechelewa kuona haya, mume wangu," akasema. "Njoo ujifute."

Wanawake wa kisimani, waliokuwa wamefika kwenye tundu la ua, wakaachia vigelegele. Safari hii kwa moyo wote. Shangazi Tabia alikuwa anapiga kioo cha nyuma kwa viganja, midomo inakwenda, hakuna anayemsikia.

Halafu wakapisha njia.

Mzee Abdulswamad aliingia kwa kupita palipokuwa na ua. Alitembea kama mtu aliyeitwa msibani. Mwinyijuma akamwendea, maji yanamchuruzika, povu sikioni.

"Mzee, sikusukumwa! Waulize hawa! Hata kidole hakikugusa bati! Nimefika kwa gari langu, Mzee, ila nimefika, nimefika kidogo mbele!"

Mzee wala hakumtazama. Bakora ilimtoka mkononi ikaanguka mchangani.

"Sihaba," akasema. Hakusema Bi. "Sihaba, umeitafuna?"

"Nimeitafuna."

"Na maneno yetu?"

Shangazi Tabia akaacha kupiga kioo.

Bi Sihaba akahamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda shavu la pili, bila haraka.

"Maneno yako nimeyangoja mpaka yameota ndevu, Abdu. Huyu amekuja mchana kweupe na sinia, amevunja na ua. Wewe tangu mfungo uliopita, kila jioni unakuja kuazima chumvi."

Nyuma ya wanawake wa kisimani gauni la kijani likasogea mbele. Wahida alikuwa amesimama pale, hajulikani tangu saa ngapi. Hakumtazama Mwinyijuma na povu lake. Alimtazama baba yake.

"Chumvi?" akauliza. "Baba, mbona nyumbani tuna gunia zima?"